HABARI ZA RELI YA UHURU
Jinsi mambo ya nje yanavyoinua na kuangusha kazi kubwa za ujenzi

Katika kitabu hiki cha jubilei wenzetu wamekwisha kuandika habari za makanisa na shule zetu. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za kitu ambacho watu wa Temeke, Yombo na Gongo la Mboto hukiona kila siku, walakini hawaulizi habari zake, kwa kuwa kimekwisha kuwa kama mti wa zamani uliosimama uani. Kitu hicho ni reli ya TAZARA, ambayo wazee wetu waliiita Reli ya Uhuru.

Mtu akitoka mjini kwa barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa barabara ya Pugu, akifika penye njia panda ya barabara ya Mandela, pale palipojengwa daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa mwaka wa 2018, ataona jumba kubwa la stesheni. Wengi hulitazama na kuuliza, "Mbona nyumba ni kubwa hivi, na magari ya moshi ni machache?" Majibu tunayoyasikia ni mawili. Wengine husema, "Ni tabia yetu, hatujui kutunza kitu." Wengine husema, "Wageni walitujengea kitu kisichofaa."

Sisi twaona kwamba majibu hayo yote mawili ni mafupi mno kwa reli yenye urefu wa kilomita 1,860. Tena yana madhara. Jibu la kwanza huwafundisha watoto kuwadharau wazazi wao, waliotoboa milima kwa jasho lao. Jibu la pili huwafundisha kuwadharau wafu waliolala katika makaburi ya Gongo la Mboto. Kwa hiyo imetupasa kuuliza sawasawa: kazi kubwa ya ujenzi hufaulu kwa nini, na hushindwa kwa nini?

Watu wa pwani wanajua kwamba jahazi huundwa na fundi na kuongozwa na nahodha, lakini wote wawili hawana amri juu ya kusi na kaskazi. Upepo ukiwa mwema, hata chombo kizee hufika. Upepo ukigeuka, chombo kipya hurudishwa nyuma. Na kazi kubwa za ujenzi ziko vivyo hivyo.

MFANO WA RELI YA KWANZA

Kabla ya kueleza habari za TAZARA, na tutazame kwanza reli iliyoitangulia, yaani reli ya kati, ile ipitayo Pugu kwenda Morogoro. Wadachi waliianza hapa Dar es Salaam mwaka wa 1905. Mwaka ule ule vita vya Maji Maji vikazuka upande wa kusini. Hata hivyo reli ilifika Morogoro mwaka wa 1907. Fedha za kuipeleka mbele hazikuwa mikononi mwa wajenzi, bali zilipasa kukubaliwa na baraza lililoketi Berlin, la watu ambao wengi wao hawakupata kuiona Bahari ya Hindi. Walipokubali, kazi ikaendelea. Reli ikafika Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwezi wa Februari mwaka wa 1914, mwendo wa kilomita kama 1,250 kutoka baharini.

Kwa upande wa ujenzi, kazi ile ilifaulu. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule vita vikuu vikaanza Ulaya, kwa ugomvi ambao wavuvi wa Kigoma hawakuwa na shauri nao. Mwaka wa 1916 Wadachi, wakirudi nyuma, waliyavunja madaraja waliyoyajenga wenyewe. Wabelgiji wakaingia Kigoma, na Waingereza wakaingia Dar es Salaam. Basi waliopanda si waliovuna. Wala reli ile haikuangushwa na ubovu wa udongo, wala wa mataruma, wala wa mikono ya vibarua. Neno hili tulikumbuke tunapoendelea.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Nchi ile haina pwani, na mali yake kubwa ni shaba. Shaba hiyo ilikuwa ikipelekwa baharini kwa reli za nchi za jirani: nyingi ilipita kusini, katika Rhodesia iliyotawaliwa na walowezi, na nyingine ilipita magharibi, katika Angola iliyokuwa chini ya Wareno. Maana yake ni kwamba nchi huru ilikuwa ikipumua kwa pua za watu waliochukia uhuru wa Waafrika.

Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitaka njia nyingine, itakayofika Dar es Salaam. Waliomba msaada katika nchi za Magharibi. Benki ya Dunia ilichungua shauri hilo mwaka wa 1964, ikasema kwamba reli haitaleta faida, na ya kwamba barabara ingetosha. Mwaka wa 1966 wataalamu wengine kutoka Uingereza wakasema reli yaweza kujengwa na kufaa. Lakini kauli njema ni jambo moja, na fedha ni jambo jingine, nayo fedha haikutolewa.

Hapo upepo ukabadilika kwa nguvu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wao wa walowezi huko Rhodesia. Mara Zambia ikapungukiwa mafuta. Mengine yalipelekwa kwa ndege, mengine kwa malori, mapipa kwa mapipa, katika barabara mbaya ya udongo ambayo ilipewa jina la njia ya jehanamu. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya jambo hilo la Rhodesia, na mkopo wa pauni 7,500,000 uliokuwa umeahidiwa ukazuiwa. Basi wakati haja ya reli ilipozidi, ndipo mlango wa wakopeshaji wa zamani ulipofungwa.

Lakini mlango mwingine ulikuwa wazi. China siku zile haikuwa nchi tajiri. Ilikuwa imekosana na Marekani, na pia na Urusi, na kiti chake katika Umoja wa Mataifa ilikuwa haijakipata. Ilikipata mwaka wa 1971. Nayo ilihitaji rafiki. Mwalimu alikwenda huko mwezi wa Februari mwaka wa 1965, na Rais Kaunda mwaka wa 1967. Tarehe 5 Septemba 1967 mapatano yakatiwa sahihi mjini Beijing. China ilikubali kukopesha yuan milioni 988 pasipo riba, zilipwe katika muda wa miaka 30.

Mataifa mengine hayakutaka kuachwa nyuma. Wamarekani walisaidia kuitengeneza barabara kuu ya kwenda Zambia, na bomba la mafuta la kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola lilikamilika mwaka wa 1968. Tazameni jambo hili: miaka michache kabla yake njia zote hizo zilikuwa hazina wa kuzigharimia. Mashindano ya wakubwa, ambayo mara nyingi hutuumiza, safari ile yalitufaa, kwa kuwa viongozi wetu waliujua upepo nao wakatweka tanga kwa wakati wake.

KAZI YENYEWE

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1970 kazi ilifunguliwa rasmi, na marais wote wawili walikuwapo. Vyuma vya reli na mitambo vililetwa kwa meli kutoka China, vikashushwa katika bandari yetu. Kufikia mwezi wa Novemba mwaka wa 1971 reli ilikuwa imefika Mlimba, kilomita 502. Kutoka Mlimba kwenda Makambako ndipo palipokuwa na taabu kuliko pote: milima mikali, mabonde marefu, na udongo wa matope uliomeza mawe. Madaraja ya reli nzima ni 320, na mahandaki yaliyotobolewa milimani ni 22. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1973 reli ikavuka mpaka wa Zambia, na mwezi wa Juni mwaka wa 1975 ikafika Kapiri Mposhi. Mwezi wa Julai mwaka wa 1976 ikakabidhiwa kwa serikali mbili zenye mali.

Wazee wetu waliokuwa vijana siku zile hupenda kueleza kwamba Wachina, mkubwa kwa mdogo, walivaa nguo za namna moja, na kwamba mhandisi alishika sepetu pamoja na kibarua. Maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi hiyo, na wengi wao walijifunza hapo ufundi waliokula nao chakula chao maisha yao yote. Wengine hawakurudi nyumbani. Katika makaburi ya Gongo la Mboto wamezikwa Wachina zaidi ya 60, wengi wao waliofia kazi ya reli. Kadhalika wako Waafrika wengi waliofia kazi ile ile, ambao makaburi yao yametawanyika katika vijiji vyao, wala hayana uzio wala maandishi. Yatupasa kuwakumbuka wote.

Tena kuna mambo mawili ambayo walimu wangefaa kuwaeleza wanafunzi, maana yaonyesha jinsi mambo ya nje yanavyoingia hata ndani ya msumari.

La kwanza ni upana wa reli. Reli ya kati ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti hii si kosa la fundi. Reli za Zambia na za kusini mwa Afrika zilikuwa na upana huo wa 1,067, nayo TAZARA ilipasa kuungana nazo. Lakini kwa sababu hiyo mabehewa ya reli zetu mbili hayawezi kupita njia moja, na mzigo wa kutoka reli hii kwenda ile hupakuliwa na kupakiwa tena, kama ifanywavyo Kidatu. Mpaka uliochorwa na wakoloni kwa kalamu wadumu hivi kwa chuma.

La pili ni mishahara. Gharama za kazi hapa nchini zililipwa kwa sehemu kwa njia ya bidhaa: China ilileta vitu vyake, vikauzwa madukani, na fedha zilizopatikana zikalipa watu na mahitaji ya reli. Kwa hiyo mama wa Temeke aliyenunua kitambaa au bakuli la Kichina alikuwa akimlipa mchimbaji wa handaki la Mlimba, ijapokuwa hakujua.

MILANGO ILIPOFUNGULIWA

Wengi hudhani kwamba reli ikiisha kujengwa, mambo yamekwisha. La, ndipo yanapoanza. Mwaka wa 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Mwaka wa 1975, yaani mwaka ule ule reli ilipofika mwisho wake, bei ya shaba ilikuwa imeanguka katika masoko ya Ulaya. Zambia, iliyotegemea shaba kulipa madeni yake, ikawa maskini kabla gari la kwanza halijazoea njia.

Mwaka huo vita vya Angola vikafunga reli ya magharibi, na mpaka wa Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973. Mizigo yote ikamiminika huku kwetu. Bandari ikasongamana, mabehewa yakapungua, na vichwa vya magari vya kwanza vilikuwa na shida katika milima ya Iringa. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1978 Zambia, iliyokuwa ikingoja mbolea ya wakulima wake, ikalazimika kuifungua tena njia ya kusini. Mwaka wa 1979 mvua na maporomoko yakaiharibu reli, na mwezi wa Oktoba mwaka huo majeshi ya Rhodesia yakalilipua daraja la mto Chambeshi huko Zambia. Hakuna fundi duniani awezaye kuchora daraja lisilojua vita.

Kisha likaja jambo la ajabu kuliko yote. Mwaka wa 1980 Zimbabwe ikapata uhuru, na mwaka wa 1994 Afrika Kusini ikaondokana na utawala wa ubaguzi. Hayo ndiyo mambo ambayo Reli ya Uhuru ilijengwa kuyasubiri na kuyasaidia. Lakini yalipotimia, njia za kusini zilizokuwa haramu zikawa halali, na mzigo ukagawanyika. Malori nayo yakazidi barabarani. Shaba yenyewe ikapungua: Zambia iliyotoa zaidi ya tani 700,000 mwaka wa 1969 ilikuwa inatoa chini ya tani 300,000 mwaka wa 2000. Reli iliyopata kuchukua zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka ilishuka hata ikachukua chini ya tani 100,000 katika mwaka wa 2014/2015.

Basi, je, reli hii ilishindwa? Ikiwa kusudi lake lilikuwa faida ya fedha, mizani yake ni nyepesi. Lakini ikiwa kusudi lake lilikuwa Zambia isipigishwe magoti na walowezi, ilifanya kazi iliyotumwa. Ilizaliwa kwa sababu milango ilifungwa, ikapungukiwa mzigo kwa sababu milango ilifunguliwa. Mambo yote hayo mawili hayakuwa mikononi mwa wafanyakazi wa Temeke wala wa Mbeya.

YALIYOKUWA MIKONONI MWETU

Walakini hatutaki mtu asome maneno haya akasema, "Basi hatuna lawama, ni upepo tu." Nahodha hana amri juu ya upepo, ni kweli, lakini kamba na tanga ni zake. Wazee walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mataruma yaliyooza, vipuri visivyonunuliwa kwa wakati, na sehemu za njia ambamo gari hulazimika kwenda polepole mithili ya mtu mgonjwa, hayo hayakuletwa na Ian Smith. Tena mali yenyewe ni ya serikali mbili kwa nusu kwa nusu, na mali ya wawili mara nyingi kila mmoja humngoja mwenzake. Wafanyakazi walipata kukaa miezi pasipo mshahara, wakagoma. Mtu mwenye njaa hawezi kuilinda reli ya mtu mwingine.

Kwa hiyo twasema: mambo ya nje huamua kama kazi kubwa itaanza, na huamua sana kama itapata faida. Lakini matunzo huamua kama itakuwapo bado siku upepo mwema utakaporudi. Na upepo hurudi. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2012 gari la abiria la mjini lilianza kupita katika reli hii, likiwachukua watu wa vitongoji kwenda kazini. Reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia ikawafaa watu wa Yombo na Mwakanga, jambo ambalo halikuwa katika mapatano ya Beijing. Siku hizi dunia yaitafuta shaba tena kwa ajili ya nyaya za umeme na motokaa zisizotumia mafuta. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2024 mapatano ya awali ya kuifufua TAZARA yalitiwa sahihi mjini Beijing, na mwaka wa 2025 ukafuata mkataba wa kampuni ya Kichina kuitengeneza na kuiendesha kwa muda wa miaka 30. Na wakati huo huo mataifa ya Magharibi yanasaidia reli ya Angola inayokwenda bandari ya Lobito, ili shaba ipite huko. Mashindano ya mwaka wa 1967 yamerudi, na majina ya wachezaji ni yale yale kwa sehemu kubwa.

Kinachobaki ni cha kututia matumaini: njia ile ingalipo. Madaraja ya Mlimba yangali yamesimama, na yakitengenezwa yatachukua mzigo. Kama wazee wetu wasingalijenga imara, leo pasingalikuwa na kitu cha kufufua.

Wasomaji, neno hili si la reli peke yake. Mwaka wa 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta ya motokaa hata Mbagala na Tandika, na kila aliyekuwa akijenga nyumba ya vyumba viwili aliona gharama za kuchukua mchanga na kokoto zikibadilika. Kamati yoyote inayokusudia kujenga darasa au zahanati na iulize maneno haya kabla ya kuchimba msingi: Fedha hizi zatoka kwa nani, na mambo gani yaweza kumfanya abadili nia? Kitu hiki chategemea bei ya nini, na bei hiyo yapangwa wapi? Na baada ya wageni kwenda zao, nani atakayekuwa na ufunguo, na fedha za kuziba ufa?

Kwa walimu tuna ombi moja. Siku moja wapelekeni wanafunzi wenu kuiona stesheni ile ya Temeke, kisha mwende nao mpaka makaburi ya Gongo la Mboto, wasome miaka iliyoandikwa pale, wahesabu umri wa waliolala. Wataona kwamba wengi walikuwa watu wenye nguvu zao bado. Halafu waambieni wakawaulize babu na bibi zao ni nani katika ukoo wao aliyefanya kazi ya reli, na alilipwa nini, na alijifunza nini. Majibu yao yaandikwe katika daftari la shule, yatunzwe, maana wazee wale wanapungua kila mwaka.